Vekta sambamba na vekta za pembemraba

Vekta ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo. Vekta mbili huwa sambamba zikilala kwenye mwelekeo mmoja, hata kama moja inakwenda na nyingine inarudi. Huwa za pembemraba pembe kati yake ikiwa nyuzi 90.

Usambamba hujulikana pale vekta moja inapopatikana kwa kuizidisha nyingine kwa namba moja tu. Vekta (6, −9) ni (−4, 6) mara −1.5, basi ni sambamba, na alama ya kutoa inaonyesha kuwa zinaelekea pande zinazopingana. Wengi hugawanya namba kwa namba na kulinganisha majibu, lakini njia hiyo hukwama kwenye sifuri, kama ilivyo kwa (0, 5) na (0, −2). Ni salama zaidi kuzidisha kimsalaba: 6 × 6 ni 36, (−9) × (−4) ni 36, tofauti ni 0.

Kwa pembemraba hutumika zidisho la nukta: namba zilizo nafasi moja huzidishwa, kisha majibu hujumlishwa. Zidisho hilo ni sawa na urefu wa vekta ya kwanza mara urefu wa ya pili mara kosaini ya pembe kati yake. Kosaini ya nyuzi 90 ni 0, kwa hiyo jibu la 0 ni dalili ya pembemraba. Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliitumia nukta kama alama ya zidisho hilo katika kijitabu alichowachapishia wanafunzi wake kati ya 1881 na 1884.

Chukua fundi anayepima msingi. Kutoka kigingi cha kona, ukuta mmoja unafuata vekta (8, 6) na mwingine (−3, 4), kwa mita. Zidisho ni −24 + 24 = 0; kona iko skwea. Kigingi cha mwisho wa ukuta wa pili kikisogea sentimita 10 tu, hadi (−3, 4.1), zidisho linakuwa 0.6. Je, kosa ni dogo? Namba hiyo peke yake haisemi, kwani vipimo vilevile vikiandikwa kwa sentimita, zidisho ni 6,000! Ligawanye kwa urefu wa vekta zote mbili, 10 na takriban 5.08, upate kosaini ya 0.012, yaani pembe ya nyuzi 89.3 hivi. Ukuta huo ukiendelezwa hadi mita 10, ncha yake itakuwa imekwenda upande kwa karibu sentimita 12.

Kompyuta nayo huhitaji uangalifu huo. Katika programu nyingi 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili, kwa hiyo kosaini hupimwa kama iko karibu vya kutosha na 0, au na 1 na −1 kwa usambamba.

Vekta sifuri haina mwelekeo. Zidisho lake na vekta yoyote ni 0, na kwa makubaliano huhesabiwa kuwa sambamba na pia ya pembemraba kwa vekta zote. Mtunzi wa programu sharti aitenge mapema, kabla hajagawanya kwa urefu wake.