Historia fupi ya rimoti ya kiyoyozi (na jinsi mama alivyojaziwa gesi mara mbili)

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu nilikuwa Mombasa, na safari hiyo ndiyo iliyonipa habari ya leo.

Mama alikuwa amenipigia simu akilalamika kwamba kiyoyozi cha chumbani kinapuliza upepo tu, baridi hakuna. Fundi akaja, akasema gesi imepungua, akajaza, baridi ikarudi, akalipwa. Baada ya wiki hivi, yaleyale. Fundi akarudi, akajaza tena, akalipwa tena. Ilipotokea mara ya tatu mama akasema basi, afadhali nimtume mwanangu anayejua mashine, ingawa nimemweleza miaka yote hii kwamba mimi naandika programu za tarakilishi na sijui kushika spana.

Nilipofika nilitoka nje kwanza nikakitazama kile kisanduku kikubwa cha ukutani. Kimya kabisa. Feni yake haizunguki, kompresa imelala. Nikarudi ndani nikachukua rimoti. Kwenye kioo chake kulikuwa na namba 20, kubwa, ya kuonekana kutoka mlangoni, na pembeni kidogo, kwa ukubwa wa punje ya mchele, kulikuwa na picha ya feni. Si ile ya theluji. Mjukuu alikuwa amechezea kitufe kilichoandikwa MODE, na mashine ilikuwa inafanya kile hasa ilichoambiwa, yaani kupuliza hewa ya chumba ileile na kuizungusha. Nikabonyeza mpaka theluji ikatokea, nikangoja, kule nje kompresa ikanguruma. Mama akanitazama kama nimefanya kiinimacho.

Sasa fikiria hili. Kwa kawaida fundi hapimi presha wala kuongeza gesi huku kompresa imelala. Kwa hivyo mara zote mbili alibonyeza MODE kwanza, akaona mashine ni nzima, kisha akapandisha mtungi kwenye ngazi. Tuyaache hayo.

Kilichonikera zaidi ni swali lingine. Mama alikuwa amezima na kuwasha mara nyingi. Alizima hata swichi kubwa ya ukutani, akaacha usiku mzima. Sisi watu wa tarakilishi hiyo ndiyo dawa yetu ya kwanza, zima kisha uwashe. Mbona hapa haikusaidia? Jibu limo ndani ya historia ya kifaa chenyewe, na ni historia tamu.

Tuanzie Brooklyn, New York, mwaka 1902. Kiwanda cha uchapishaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa na shida: karatasi ilikuwa ikivuta unyevunyevu wa hewa na kutanuka, siku nyingine inasinyaa, na kwa kuwa kila rangi ilichapishwa kwa zamu yake, rangi hazikulingana. Mhandisi kijana aitwaye Willis Carrier, aliyekuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi ili maji yaliyomo yageuke kuwa matone na kudondoka. Hakuwa anatafuta kumpoza mtu. Alikuwa anakausha hewa kwa ajili ya karatasi. Kwa hivyo ile picha ya tone la maji kwenye rimoti yako, ambayo karibu kila mtu anairuka, ndiyo kazi ya zamani kuliko zote. (Na kwa mtu wa pwani ndiyo yenye maana zaidi. Usiku wa Mombasa kinachokunyima usingizi mara nyingi ni jasho lisilokauka. Katika hali ya tone, feni hupunguza mwendo na kompresa hufanya kazi kwa vipindi, maji yakatoka bila chumba kuwa friji.)

Mashine za nyumbani zilizofuata zilikuwa za dirishani, sanduku moja lenye kila kitu: kompresa, feni mbili, na vifundo vya kuzungusha upande wa mbele. Ukitaka baridi zaidi unanyanyuka, unakwenda, unazungusha. Kelele yake ilikuwa ya lori. Japani, ambako nyumba nyingi ni ndogo na kuta zake nyepesi, kelele hiyo haikuvumilika, na mwaka 1961 kampuni ya Toshiba ikatoa kiyoyozi kilichogawanywa sehemu mbili. Kompresa ikafukuzwa nje, ndani ikabaki koili na feni, na kati yake mabomba mawili ya shaba na nyaya. Wazo ni rahisi mno hata unashangaa lilichelewa wapi.

Kile kisanduku chembamba na kirefu cha ukutani tunachokijua leo kilihitaji kitu kimoja zaidi, feni ya umbo la bomba, ndefu kama kiyoyozi chenyewe, inayosukuma hewa kwa upana wake wote. Mfaransa Paul Mortier alipata hataza ya feni ya namna hiyo mwaka 1893, akiwaza migodi. Ilikaa miongo mingi kabla ya Wajapani kuitia ndani ya viyoyozi vya ukutani miaka ya 1960. Nenda kainue kifuniko cha kiyoyozi chako, uchungulie pale hewa inapotokea. Hiyo ndiyo feni ya Mortier, na huenda imejaa vumbi.

Lakini tazama tatizo lililozaliwa. Kisanduku kimepanda juu karibu na dari. Vifundo vitawekwa wapi? Hakuna anayetaka kupanda kiti kila akisikia joto. Mwanzoni waliteremsha waya mpaka kwenye kidude cha ukutani. Wakati huohuo, Marekani, watu wa televisheni walikuwa wameshapambana na swali hilohilo. Zenith walianza mwaka 1950 na rimoti ya waya, watu wakajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley akatoa Flash-Matic, tochi ya kumulika pembe za televisheni, na jua la mchana likawa linabadilisha stesheni lenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler akaja na Space Command, iliyokuwa na vijiti vya alumini ndani vinavyogongwa na kutoa sauti ya juu kuliko masikio yetu yanavyoweza kusikia. Haikuhitaji betri. Shida ni kwamba mlio wa sarafu au funguo nao uliweza kuichanganya televisheni.

Kufikia miaka ya 1980 miali ya infraredi ilikuwa imeshinda, na viyoyozi vikafuata njia hiyohiyo. Mwanga huu hatuuoni, haupenyi ukuta (kwa hivyo rimoti yako haizimi kiyoyozi cha jirani), na taa yake ni ya bei ya chini. Ili isichanganywe na jua kama tochi ya Polley, taa huwashwa na kuzimwa takriban mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi hupuuza mwanga usiotetemeka kwa kasi hiyo. Kwa nini 38,000? Sababu moja itakuchekesha. Redio za AM zilikuwa zimefanya kijidude cha kutetemeka mara 455,000 kwa sekunde kiwe cha kawaida na cha bei rahisi. Gawanya kwa 12, unapata karibu 37,900. Ukibonyeza rimoti leo unatumia urithi wa redio ya babu.

Sasa tufike penyewe. Rimoti ya televisheni ni mjinga, na nasema hivi kwa heshima. Katika itifaki maarufu ya NEC, ukibonyeza kitufe hutumwa biti 32 tu: namba ya kifaa, kinyume chake, namba ya kitufe, kinyume chake. Maana yake ni "mtu amebonyeza kuongeza sauti", basi. Sauti imefika wapi, rimoti haijui wala haijali. Televisheni ndiyo yenye kumbukumbu, na ina kioo kikubwa cha kukuonyesha.

Kiyoyozi cha ukutani hakikuwa na kioo. Kilikuwa na vitaa viwili vitatu tu. Kwa hivyo wabunifu wakahamisha kioo mkononi mwako, na pamoja na kioo ikahama kumbukumbu. Ukibonyeza kuongeza nyuzi moja, rimoti haitumi neno "ongeza". Inatuma hali nzima upya: washa, theluji, nyuzi 21, feni ya kati, bawa lielekee chini, saa ya kuzima ni kadha. Nilinasa mawimbi ya rimoti kadhaa kwa kipokezi cha miguu mitatu na saketi ndogo, na nilifurahi kama mtoto. Itifaki moja ya Mitsubishi ina baiti 18, yaani biti 144. Joto limeandikwa baada ya kutoa 16, kwa hivyo nyuzi 16 ni sifuri na nyuzi 24 ni nane. Saa imo kwa vipande vya dakika kumikumi, na baiti ya mwisho ni jumla ya zote zilizotangulia, ili ujumbe uliokatika njiani utupwe. Daikin wana itifaki ya baiti 35. Yote hayo kwa kubonyeza kitufe kimoja!

Kwa mtengenezaji programu huu ni ubunifu wa akili sana. Ujumbe ukipotea, unaofuata unasahihisha kila kitu, kwa sababu hautegemei kilichotangulia. Ukibonyeza huku umeelekeza sakafuni, kioo kitasema uongo kwa muda, lakini bonyezo moja tu lililolengwa vizuri linarudisha maelewano.

Lakini ndipo mama aliponaswa. Kosa halikuwa ukutani, lilikuwa mkononi mwake. Kila alipozima na kuwasha, rimoti ilituma upya, kwa uaminifu wote, hali ileile yenye feni. Kukata stima usiku kucha ni kuwasha upya kifaa kisichokumbuka kitu huku chenye kumbukumbu kimelala kwenye droo na betri zake. Angetoa betri za rimoti dakika chache, pengine angepona bila fundi, maana nyingi zikipoteza kumbukumbu hurudi kwenye hali ya kuanzia, mara nyingi ile ya kujichagulia yenyewe. Nilikuwa nikiwacheka wazee wanaotoa betri, wakazipiga kofi na kuzirudisha. Sitawacheka tena.

Kuna ugomvi mwingine nyumbani nilioukuta, wa nyuzi 16. Mjomba anashikilia kwamba ukiweka 16 chumba hupoa haraka, mama anasema tokeni za stima zinayeyuka. Nani yuko sawa inategemea mwaka wa teknolojia ya mashine. Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili, kukimbia na kusimama. Ukiiweka 16 au 24 inakimbia kwa kasi ileile. Tofauti ni kwamba ukiweka 24 itasimama ikifika, na ukiweka 16 katika chumba chenye dirisha bovu haitasimama hadi asubuhi. Mwaka 1981 Toshiba walileta nyumbani kiyoyozi cha inveta, ambacho hubadilisha kasi ya kompresa kulingana na umbali uliobaki. Kwenye mashine ya namna hiyo mjomba ana hoja ndogo, tofauti kubwa inaweza kuifanya ikimbie zaidi mwanzoni. Cha mama si inveta. Mjomba alipoelezwa hakukubali, akasema mimi ni mtu wa tarakilishi.

Nikamwachia mama mambo machache. Nilibandika kipande cha karatasi nyuma ya rimoti nikachora theluji. Nikamwonyesha kitufe kidogo kilichofichwa chini ya kifuniko cha kiyoyozi chenyewe, cha dharura, cha kuwashia rimoti ikipotea. Nikamwambia akizima asiwashe papo hapo akadhani imeharibika. Kompresa husubiri kama dakika tatu presha ya gesi ilingane, na kubonyeza mara kumi hakuiharakishi. Na akitaka kujua kama rimoti ni nzima, aelekeze pua yake kwenye kamera ya simu na abonyeze. Macho hayaoni kitu, lakini kamera nyingi zitaonyesha kijitaa cha zambarau kikimetameta (kamera ya nyuma ikikataa, jaribu ya mbele).

Hilo la mwisho ndilo lililompendeza. Jioni alimwita jirani aje aone, wakazimulika rimoti zote za nyumba, ya televisheni, ya redio, mpaka moja ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nini. Hiyo ilikuwa inawaka vizuri kabisa.