Sanduku Lisilopumua

Bujonde, kama sehemu kubwa ya bonde la Kyela, haina uhaba wa mvua. Mawingu yatokayo Ziwa Nyasa hukutana na milima ya Livingstone upande wa mashariki na mlima Rungwe upande wa kaskazini, yakashusha mzigo wao juu yetu. Mvua hiyo ndiyo inayokuza mpunga, migomba na mikakao. Ndiyo pia inayoozesha kila tunachojaribu kukausha.

Wazee wetu walikuwa na njia mbili. Usipa waliuanika juani, kwenye mchanga au vichanja. Jua likigoma, palikuwa na moto wa jikoni, na juu yake uchaga. Ukiutazama vizuri, uchaga ulikuwa mtambo kamili: una chanzo cha joto, una njia ya hewa, una msimamizi. Bibi yangu alikuwa akiinua kiganja juu ya mahindi, anatulia kidogo, kisha anavuta kijinga kimoja nje ya mafiga. Mimi nilidhani anaota moto. Kumbe alikuwa anapima.

Kakao haikukubali uchaga. Inanyonya harufu ya moshi, na harufu hiyo haitoki tena. Punje zilizokwisha kuvundikwa siku 5 hadi 7 huwa bado zimejaa maji, karibu nusu ya uzito wake au zaidi, nayo yanapaswa kushuka hadi asilimia 7 hivi. Ukichelewa, ukungu unaingia. Ukiharakisha mno, ganda hukauka na uchachu hubaki umefungiwa ndani.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mwezi Aprili, niligonga sanduku la mbao, nikalipaka rangi nyeusi ndani na kuliwekea kioo juu. Mawingu yalipopasuka kwa saa chache, joto lilipanda vizuri. Nikafurahi. Siku ya tatu kioo kilikuwa kinatiririka jasho, punje za juu zimeungua, za chini zimeota ukungu. Ada ya mdogo wangu ilikuwa ndani ya sanduku lile. Mama alichungulia, akasema tu, "Mwanangu, hili linachemsha. Halikaushi."

Alikuwa amegusa tatizo la zamani sana. Katika karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyeishi Uingereza, alitengeneza kiangulio cha mayai kilichojiendesha: joto lilipozidi, zebaki ilisukumwa juu na kuziba tundu la hewa, moto ukapungua. John Harrison, fundi saa, aliunganisha bamba la shaba na la chuma katika saa yake ya tatu ya baharini, iliyokamilika mwaka 1759. Metali hizo hazitanuki sawa, hivyo zikipata joto bamba lazima lipinde. Mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya viwanda, akakiita thamostati. Wote watatu walikuwa wanatafuta kitu kimoja: kiganja kisichochoka.

Changu kilitoka kwenye kompyuta mbovu: feni ya volti 12, betri, paneli ndogo ya sola, na swichi ya joto yenye waya wa kupimia niliouning'iniza katikati ya trei. Nilitoboa matundu chini upande mmoja, nikafunga feni juu upande wa pili. Joto likifika nyuzi 50, feni inawaka na kutoa hewa yenye unyevu. Likishuka hadi 45, inazima. Usiku sanduku likipoa, feni inanyamaza, haivuti ndani umande wa bonde.

Mzigo uliofuata haukuota ukungu. Lakini feni ina kasoro moja ambayo sikuitarajia: inajua joto, haijui maji. Inaweza kuzunguka kutwa nzima juu ya punje mbichi au juu ya punje zilizokwisha kukauka, na kwake ni mamoja.

Ndiyo maana kila alasiri mama anaweka kiganja kwenye tundu la kutokea hewa. Ikiwa hewa ni nzito, anaondoka bila neno. Ikiwa nyepesi, anachukua punje moja, anaibonyeza karibu na sikio, na kusubiri ipasuke.