Likizo ya Riba: Istilahi ya Kadi za Kuhamishia Deni

Anayeishi Marekani au Uingereza na kulipa bili zake kwa wakati hakawii kupata barua ya namna hii: benki asiyowahi kuwa na akaunti nayo inamwalika ahamishie kwake deni la kadi yake ya zamani, na kwa miezi 15 au 18 hatatozwa riba. Waswahili wa Houston, Minneapolis na London wanazipata barua hizo kama wenzao, na wakiulizana habari zake, wengi hulitaja jina la Kiingereza lilivyo. Siwalaumu. Mfasiri akilifasiri neno kwa neno atapata “uhamisho wa salio kwa riba sifuri”, na kila neno hapo linapotosha kwa namna yake.

Salio ndilo baya kuliko yote. Kwa mwenye simu Dar es Salaam au Nairobi, salio ni fedha aliyonayo: analiangalia, linaisha, analiongeza. Kwenye taarifa ya kadi ya mkopo mambo yamegeuka, kwa maana salio ni kile ambacho benki inakudai. Mtu akiambiwa “hamisha salio lako” ana kila sababu ya kudhani anahamisha akiba yake. Neno deni halina utata huo, basi liandikwe deni.

Uhamisho nao unataka tahadhari, kwa kuwa kwa hakika deni halihami. Benki mpya inailipa benki ya zamani, deni la kwanza linafutika, na papo hapo linazaliwa jingine kubwa zaidi, kwa sababu benki mpya inajumlisha ada yake ambayo Marekani kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 ya kiasi kilichohamishwa. Mdaiwa ni yuleyule. Aliyebadilika ni mdai.

Kiswahili kina neno kongwe linalokaribia hapa, nalo ni hawala. Katika fiqhi, hawala ya deni ni pale mdaiwa anapomwelekeza anayemdai akachukue haki yake kwa mtu mwingine. Majalla, sheria ya madai iliyotungwa na Dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, imelitengea jambo hilo kitabu kizima. Ingependeza kulirithi. Lakini katika hawala ile mdai anabaki palepale na mlipaji ndiye anayebadilika, yaani mambo yamekwenda kinyumenyume na ya kadi. Isitoshe, watu wa leo wakisikia hawala wanafikiria kutuma pesa. Nduguye, uhawilishaji, tayari yuko kazini TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ambako uhawilishaji fedha ni kuzipatia kaya maskini ruzuku. Akiletwa kwenye kadi, msomaji atangoja apewe.

Tanzania kuna msemo ulio hai, na nilikaribia kuuchagua: benki kununua mkopo. Mtumishi wa umma mwenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara anaweza kuhamia benki nyingine, na ile mpya ndiyo “inaununua” mkopo wake. Msemo huo unaonyesha vizuri nani anatoa fedha na nani anapokea. Kasoro yake ni kwamba mwenye deni haonekani akifanya lolote, ilhali kwenye kadi yeye ndiye anayeomba, anayetaja kiasi na anayepangiwa kikomo. Kwa hiyo nasema kadi ya kuhamishia deni. Kile kiambishi cha kutendea kinaifanya kadi kuwa mahali deni linapopelekwa, na hiyo inatosha.

Sasa riba sifuri. Wengine huandika “bila riba”, na hapo madhara ni makubwa zaidi, hasa kwa msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Muscat ambaye kwake maneno hayo ni ahadi ya kidini. Mkataba wa kadi hii una kifungu cha riba, tena mara nyingi ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Kilichofanyika ni kusimamisha utozaji wake kwa muda. Hukumu ya kuusaini mkataba kama huo ni kazi ya wanazuoni. Kazi ya mfasiri ni kutokificha kifungu.

Ninachopendekeza ni likizo ya riba. Tumezoea kusikia likizo ya kodi kwa wawekezaji, na kila mfanyakazi anajua kwamba likizo ina tarehe ya kurudi. Istilahi hii inatusaidia pia kutenganisha bidhaa mbili ambazo wauzaji hufurahia zikichanganywa. Kwenye kadi ya kuhamishia deni, riba imekwenda likizo bila malipo: muda ukiisha inaanza kuhesabiwa upya, na juu ya kilichobaki tu. Baadhi ya kadi za maduka ya Marekani, zile za kununulia makochi na majokofu, zina kitu kingine kabisa. Huko, ukibakiza hata dola 10 siku ya mwisho, riba inarudi kazini na kudai malimbikizo yake yote tangu siku ya ununuzi. Hiyo tuiite riba iliyoahirishwa, na matangazo yake hujulikana kwa sharti la “ukimaliza kulipa ndani ya muda”.

Je, likizo hii ina faida? Inayo, na hesabu yake si ngumu. Chukua deni la dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Ulihamishe kwa ada ya asilimia 3, nalo linakuwa dola 5,150. Ukiligawa kwa miezi 15 unalipa kama dola 343 kila mwezi na kumaliza. Kiasi hichohicho cha mwezi kingepelekwa kwenye kadi ya zamani, ungelipa kwa miezi 18, wa mwisho ukiwa mdogo, na riba ingefika takribani dola 970. Toa ada ya dola 150, umeokoa kama dola 820.

Lakini benki haikuandika barua ile kwa ajili ya mlipaji wa namna hiyo. Inamtegemea zaidi anayelipa kima cha chini. Kima hicho kikiwa asilimia 1 ya deni, miezi 15 itapita na dola 4,430 hivi zitakuwa bado zipo, riba ikirudi na kutafuna karibu dola 89 mwezi wa kwanza tu. Kuna pia anayeiona kadi ya zamani imebaki tupu akaanza kuijaza tena. Huyo sasa ana madeni mawili.

Biashara hii ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa walioikuza ni Richard Fairbank na Nigel Morris, waliokuwa katika kitengo cha kadi cha Signet Bank huko Richmond, Virginia, kitengo ambacho mwaka 1994 kilitengwa kikawa Capital One. Walichambua takwimu za wateja ili kujua nani atumiwe mwaliko gani. Ndiyo maana anayeelemewa kabisa na madeni, aliyekwisha kuchelewesha malipo hapa na pale, kwa kawaida haipati barua, na akiomba hukataliwa.

Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kadi iliyoweka mipaka: likizo ya namna hii isipungue miezi 6, na isikatizwe kwa sababu ya kuchelewa kulipa mpaka uwe umechelewa siku 60. Ilisema pia kwamba unacholipa juu ya kima cha chini kielekezwe kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Hilo lina maana kwa anayenunulia vitu kadi hiyohiyo, kwa sababu manunuzi mapya mara nyingi hayamo kwenye likizo.

Mtaani Tanzania watu waliipa mikopo fulani jina la kausha damu, jina linalomwonya mtu kabla hajafika kwenye saini, na sioni kwa nini istilahi rasmi iwe na haya kuliko mtaa. Tangazo la maneno machache la Kiingereza ningelitafsiri hivi: “Kadi ya kuhamishia deni, yenye likizo ya riba ya miezi 15 kwa deni lililohamishwa, ada ya uhamisho ni asilimia 3, inajumlishwa kwenye deni siku ya kwanza, baada ya likizo, kilichobaki kitatozwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka.” Mwenye benki atalalamika kwamba halitoshi kwenye bango. Basi apunguze picha.