Sanamu Iliyomtaja Mwundaji Wake

Mwezi wa Novemba mwaka 1928 Taasisi ya Franklin, iliyoko katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilipokea mzigo wa ajabu ulioletwa kwa gari. Ulikuwa ni vipande vya mtambo wa shaba ya manjano, vimeungua na kuharibika. Navyo ni vya sanamu ya mtoto aliyepiga goti mbele ya meza, kalamu mkononi, ambaye zamani alikuwa akiandika na kuchora mbele ya watazamaji. Mzigo huo ulikuwa hiba itokayo katika mirathi ya John Penn Brock. Jamaa zake walisimulia mambo mawili: kwamba mtambo huo uliwahi kupatwa na moto, na kwamba ulifanyizwa Ufaransa na mtu aitwaye Maelzel. Jambo la kwanza lilikuwa kweli, na alama zake zilionekana kwa macho. Jambo la pili lilikuwa uongo usiokuwa na mwongo.

Maelzel hakuwa mtu wa kubuniwa. Johann Maelzel alizaliwa Regensburg, katika nchi ya Wajerumani, mwaka 1772, na jina lake limeambatana na kile chombo kidogo cha kupimia mwendo wa muziki. Ndiye aliyepeleka Marekani sanamu mashuhuri iliyojulikana kwa jina la Mturuki, yenye kilemba kichwani, ambayo ilicheza sataranji na kuwashinda watu wenye akili zao. Mturuki huyo aliundwa na Wolfgang von Kempelen, naye alikuwa hila tupu, kwa maana ndani ya sanduku lake alijificha mchezaji mwanadamu. Maelzel alifariki baharini mwaka 1838, na Mturuki akateketea kwa moto katika mji ule ule wa Philadelphia mwaka 1854. Basi katika mji kama huo, sanamu ya mtambo iliyoungua na kupotewa na jina la mwenyewe ingepewa jina gani jingine? Sisi tulio katika elimu ya mashairi twaijua sana tabia hii. Ubeti wa kale ukikosa mtungaji, haukosi mtu wa kuutia mikononi mwa Fumo Liyongo.

Kazi ya kuufufua mtambo ule ilimwangukia fundi wa taasisi, Charles Roberts. Ili kuipima kazi yake yafaa kwanza tufahamu jinsi mtoto yule alivyoandika. Nguvu ya mwendo ilitoka katika kamani, kama zile za saa. Kamani hizo zilizungusha visahani vingi vya shaba vilivyopangwa pamoja, na ukingo wa kila kisahani ulikatwa mabonde na vilima. Vidole vya chuma viliegemea kingo hizo. Kisahani kikizunguka, vidole hupanda na kushuka, na mwendo wao huchukuliwa kwa nyenzo na fito mpaka kwenye mkono. Miendo ilikuwa mitatu: wa kushoto na kulia, wa mbele na nyuma, na wa juu na chini. Katika mitatu hiyo hupatikana kila herufi na kila mstari wa picha. Mchoro mmoja ukiisha, visahani husogea kidogo, na vidole huangukia kingo nyingine.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa na sanamu za zama zetu. Katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964 ilionyeshwa sanamu ya Rais Lincoln, iliyoinuka kitini na kuhutubu, mama wa sanamu nyingi zilizomo sasa katika viwanja vya burudani. Maagizo ya mwendo wake yaliwekwa katika ukanda wa sumaku, nje ya mwili. Fundi wa sanamu ya namna hiyo akikuta mkono umevunjika, huutengeneza mkono, na maagizo yako salama mahali pengine. Lakini mtoto wa Philadelphia hakuwa na maagizo nje ya shaba yake. Chuma chake ndicho kilichokuwa kumbukumbu yake.

Kwa hiyo tupa ya fundi ilikuwa chombo cha hatari. Bonde dogo katika ukingo wa kisahani laweza kuwa ni kovu la moto, na laweza kuwa ni nukta juu ya herufi. Kilima kikilika, kalamu haiinuki kwa wakati wake, na mikato miwili iliyokusudiwa kuachana hushikana. Fundi mwenye kiburi angelainisha kila alichokiona kibaya, akapata mtambo mzuri wenye kuzunguka bila kelele, na ushahidi wote ukaenda na vumbi la shaba. Mimi mwenyewe, nikinukuu hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nimewahi kunyoosha mstari niliodhani mnukuzi aliupotosha. Miezi baadaye niliona katika nakala nyingine kwamba mstari ulikuwa sawa, na aliyepotoka ni mimi. Nashukuru kwamba nilikuwa nimenyoosha kwa penseli.

Roberts aliunga, akasafisha, akarudisha kila kipande mahali pake. Na kwa kuwa chombo cha asili cha kuandikia hakikuwapo, alitia kalamu ya wino. Kamani zikakazwa. Mtoto akaanza kuandika. Ilidhihirika kwamba katika visahani vyake zilihifadhiwa picha nne na mashairi matatu, mawili ya Kifaransa na moja la Kiingereza. Na katika pambo lizungukalo shairi la mwisho mkono uliandika, kwa Kifaransa, kwamba hayo yameandikwa na mtambo wa Maillardet.

Watunzi wa tenzi zetu hutia majina yao katika beti za mwisho, pamoja na kuomba dua; nami sioni tofauti kubwa. Henri Maillardet alikuwa fundi saa wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1745 na kufanya kazi London. Alitoka katika shule ya akina Jaquet-Droz, ambao sanamu zao tatu, mwandishi, mchoraji na mpiga kinanda, zimehifadhiwa Neuchâtel mpaka leo. Mtoto huyu alimwunda kwenye mwaka 1800 hivi, akamwonyesha Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Alipofariki mwaka 1830, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa ndani ya shaba, na humo likakaa karibu miaka mia likingoja mtu wa kukaza kamani.

Mtambo ule haukupona moja kwa moja. Kingo zililika tena, fito zikalegea, na mwaka 2007 ilibidi ufunguliwe upya. Safari hii mtengenezaji alikuwa Andrew Baron, ambaye kazi yake ya kawaida ni kusanifu vitabu vya watoto ambavyo picha zake za karatasi husimama kurasa zinapofunguliwa.