Mbeta ya Ulanzi na Hadithi za Mumiani

Katika Nyanda za Juu Kusini majira ya mvua huleta mambo mawili kwa pamoja: ulanzi na mazungumzo marefu. Tangu mwezi wa Januari hivi hata Mei mianzi ya Iringa huchipua. Mgema hukata ncha ya chipukizi, akafunga mbeta, chombo cha mwanzi, ili kukinga maji yanayodondoka. Asubuhi na jioni hurudi na kisu kuparua jeraha lile lisikauke. Ulanzi wa siku hiyo ni mtamu, hata watoto huuonja. Ukilala hugeuka mkangafu, na mkangafu hulevya. Ukizidi ukali, muuzaji huuchanganya na ulanzi mpya, na kila muuzaji ana kipimo chake. Wenzetu wa Mbeya wana komoni yao ya nafaka na kimpumu cha ulezi, lakini mazungumzo ya kilabuni ni yale yale.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote, tangu nilipokuwa mtoto katika miaka ya 1950, ni ile ya mumiani. Msafiri hukamatwa njiani usiku, huning'inizwa kichwa chini, hutobolewa, na damu yake hudondoka ndooni mpaka aishe. Kisha damu hupelekwa kwa wakubwa ikafanywe dawa. Watoto tulisikiliza tukiwa tumeshikana mikono, na bado tukaomba tusimuliwe tena. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msimulizi wa kilabuni akisifiwa huongeza damu.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuiuliza kila habari maswali matatu: ilitoka wapi, nani anaisema, na kwa nini aisadikiwe. Naomba msomaji tuiulize habari ya mumiani maswali hayo hayo.

Kwanza, ilitoka wapi? Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi. Lilitaja dawa nyeusi kama lami, iliyouzwa pwani kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson inaeleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa. Kumbe jina la dawa dukani likawa jina la mwuaji njiani.

Pili, nani anaisema? Si sisi peke yetu. Kenya na Uganda walinong'ona juu ya wazimamoto, Zambia juu ya banyama, na Katanga juu ya batumbula. Ulaya nao wana wanyonya damu wao, na aliye maarufu zaidi ni Dracula wa Bram Stoker, katika kitabu cha mwaka 1897. Lakini tazama tofauti. Dracula ni maiti ya bwana mkubwa, naye hunywa damu mwenyewe kwa kiu yake. Mumiani wetu ni mtu hai, mwenye gari, vifaa na mshahara. Hanywi hata tone. Hukusanya damu kwa ajili ya mtu mwingine aliye mbali.

Hapo ndipo swali la tatu linapojibika. Watu wa nyanda hizi walikwisha kuona mengi yakikusanywa na kupelekwa mbali. Mwaka 1898 Mtwa Mkwawa alijiua asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka kirudishwe, lakini fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Zikaja kodi, na ili kuzilipa vijana walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine migodi ya Afrika Kusini. Wapo waliorudi wamekonda, na wapo wasiorudi. Mzee aliyegema mianzi maisha yake yote alijua maana ya kukatwa kidogo kidogo kila siku ili chombo cha mwingine kijae. Mwaka 2000 Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya uvumi huu, akiuchukua kuwa ushahidi wa namna watu walivyouona utawala wa kikoloni. Nakubaliana naye.

Hata hivyo, kuielewa hadithi si kuisadiki. Mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia kwa tuhuma hiyo hiyo. Udongo ule ulikuwa uchunguzwe ili mkulima avune zaidi.

Najua jibu la kilabuni: lisemwalo lipo. Nami sikatai kwamba maovu yapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliuawa na kuchunwa ngozi mkoani Mbeya, na haukuwa uvumi. Lakini wauaji hao ni kazi ya polisi na mahakama, wala umati wenye viberiti hauwezi kuwatambua.

Kwa hiyo nasema na pande mbili. Mtaalamu anayekwenda kijijini kuchukua udongo au damu, na apite kwanza kwa mwenyekiti, aitishe mkutano, aeleze anachochukua, kinakokwenda na faida itakayorudi. Nasi wazee tunaosimulia tusiwanyime wajukuu hadithi ya mumiani, ila tuwape pamoja na Mkwawa, mkonge na Lupa, wajue hofu ile ilizaliwa wapi. Na tuwape pia habari ya wale watatu waliotoka Arusha wakiwa na mifuko ya udongo.