Baraka Baada ya Kilio

Sisi tunaoabudu Kariakoo tunaishi mahali palipopata jina kutokana na mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na ndimi zetu zikaliita Kariakoo. Wapagazi wengi hawakurudi makwao. Yatupasa kujiuliza: huzuni tuibebeje mbele za Mungu?

Historia ya muziki inatupa mfano. Tarehe 27 Februari 1854, mtunzi Mjerumani Robert Schumann, akiwa mgonjwa wa akili, alijitupa katika mto Rhine mjini Düsseldorf. Aliokolewa, akapelekwa kutibiwa Endenich, akafia huko mwaka 1856. Rafiki yake Johannes Brahms, kijana wa miaka 20, alikwenda upesi kumsaidia mkewe Clara na watoto. Mwaka uleule alianza kutunga kazi iliyokuja kuwa Konseto yake ya Kwanza ya Piano.

Katika konseto, piano hupokezana na okestra kama mwimbishaji na kwaya. Hii inaanza kwa ngurumo ya ngoma na kilio cha violini, wala haina haraka ya kufariji. Piano huingia baadaye, kwa upole, kama mtu anayeketi kando ya mfiwa. Sehemu ya pili imetulia kama sala. Hapo, katika nakala ya mkono wake, Brahms aliandika maneno ya Kilatini ya kumbariki ajaye kwa jina la Bwana, yale yaimbwayo kabla ya Meza ya Bwana. Sehemu ya tatu inainuka na kuishia katika furaha.

Mjini Leipzig, tarehe 27 Januari 1859, wasikilizaji waliizomea. Walizoea piano ya kuonyesha wepesi wa vidole. Hapa walikuta maombolezo. Clara mwenyewe aliipiga Hamburg mwaka 1861.

Nasi tusiwe kama wasikilizaji wa Leipzig. Mfiwa akilia ibadani, tunamwambia ajikaze, kisha tunakimbilia pambio la shangwe, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Lakini Bwana wetu alilia kabla ya kumwita Lazaro atoke kaburini. Tumwache mfiwa alie, tukae naye, na baraka imkute tukiwa bado kando yake.