Mtu Wako Analala Upande Gani wa Kitanda? Historia ya Intavyuu ya Ndoa Marekani

Wasee, swali la leo ni rahisi. Mtu wako analala upande gani wa kitanda? Pazia za sebuleni ni rangi gani? Nani huamka kwanza, na jana usiku mlikula nini?

Kama uko na jamaa aliyeoa ama kuolewa majuu, unajua haya si maswali ya kuchangamsha sherehe. Ni aina ya maswali ambayo afisa wa uhamiaji wa Marekani anaweza kukuuliza ukiomba green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, kupitia ndoa. Unaapa kwanza kwamba utasema ukweli, halafu mtu usiyemjua anaanza kuuliza mambo ya nyumba yako.

Huku kwetu tunaiongelea kama umbea tu. "Fulani amepata makaratasi." "Ah, hiyo ndoa ni ya makaratasi bana." Tunacheka, tunaongeza chai. Lakini nani aliamua kwamba serikali inaweza kukuuliza mambo ya chumba cha kulala? Nimesoma hii stori kwa muda sasa, na nikakuta ndani yake Mkenya mmoja ambaye nyote mnamjua. Tutamfikia.

Maoni yangu nayatoa mapema, ndio usisome ukidhani nakuficha kitu. Hii intavyuu haikuanzishwa kupima mapenzi. Ilianza kama njia ya kuzuia watu wa mahali fulani wasiingie, na bado ina tabia za pale ilipozaliwa. Ukijua hivyo, utaingia pale ukiwa umejipanga vizuri zaidi.

Mambo yalianzia bandarini

Mwaka 1875 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Page Act, kwa jina la mbunge wa California aliyeisukuma. Kwenye karatasi, ilikuwa ya kuzuia wanawake wanaoletwa kufanya ukahaba kutoka China, Japani na nchi zingine za Asia. Kwa vitendo, kila mwanamke Mchina alichukuliwa kama mshukiwa. Kabla hajapanda meli Hong Kong, alihojiwa na balozi mdogo wa Marekani: wewe ni mwanamke wa tabia gani, unaenda kufanya nini, umeandikiana mkataba na nani? Mke wa mtu na asiye mke wa mtu walipita kwenye chujio moja. Wengi waliamua kutojaribu kabisa.

Miaka saba baadaye, 1882, ikaja sheria ya kuwafungia nje vibarua Wachina wote. Walioruhusiwa ni wachache, kama wafanyabiashara na familia zao, na watoto wa raia. Sasa hapo serikali ikawa na shida: utajuaje kwamba huyu kweli ni mke wa yule, ama mtoto wa yule?

Jibu lilikuwa kisiwa. Kati ya 1910 na 1940, waliofika San Francisco kutoka Asia walipelekwa Angel Island, katikati ya ghuba, wakakaa ndani wakingoja kuhojiwa. Wengine walikaa siku chache, wengine wiki, wengine miezi. Na maswali? Kijiji chenu kina nyumba ngapi? Kisima kiko upande gani? Mlangoni kuna ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Halafu baba ama mume anaulizwa yale yale kando, na majibu yanalinganishwa. Ukikosea ngazi moja, unaweza kurudishwa China.

Ni kweli kulikuwa na watu waliodanganya. Tetemeko na moto wa San Francisco wa 1906 viliteketeza rekodi za vizazi, na baadhi ya Wachina wakatumia nafasi hiyo kudai walizaliwa Marekani, halafu wakauza nafasi za "watoto" wa kwenye karatasi tu. Waliokuja kwa njia hiyo walisoma vijitabu vya majibu wakiwa melini, wakavitupa baharini kabla hawajafika. Lakini shika hili: hata mtoto wa kweli ilibidi asome kijitabu. Nani anakumbuka idadi ya ngazi za kwao bila kujiandaa? Mwongo na mkweli wote walikuwa wanakariri.

Wamarekani wenyewe hawakupona

Usidhani shida ilikuwa ya wageni peke yao. Mwaka 1907 ilipita sheria kwamba mwanamke Mmarekani akiolewa na mgeni, anapoteza uraia wake. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na Mwingereza. Alipoenda kujiandikisha kupiga kura, akaambiwa wewe si raia tena. Alipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu na 1915 akashindwa. Mwanaume aliyeoa mgeni hakuguswa.

Sheria ya 1922 ilirekebisha, lakini nusu nusu. Ukiolewa na mzungu wa Ulaya, unabaki raia. Ukiolewa na Mchina ama Mjapani, ambao sheria ya wakati huo haikuwaruhusu kuwa raia, bado unapoteza. Hiyo iliendelea hadi 1931. Kwa hivyo swali la "umeolewa na nani" lilikuwa pia swali la rangi, na hawakulificha.

Halafu vita vikaja. Wanajeshi wa Marekani walioa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na kwingine, na Desemba 1945 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu kuleta wake zao bila vikwazo vingi. Mlango ulifunguka, na wajanja wakauona. Familia moja yenye watu wake Chicago ilipanga wanajeshi wastaafu waende Paris 1947, wafunge ndoa na jamaa zao wakimbizi, wawaingize Marekani, halafu kila mtu aende njia yake. Kesi yao, Lutwak, ilifika Mahakama ya Juu na kuamuliwa 1953. Wao walijitetea kwamba ndoa zilifungwa kihalali Ufaransa. Mahakama ikasema hiyo si hoja: kama hamkuwa na nia ya kuishi kama mume na mke, cheti hakiwasaidii.

Hapo ndipo cheti cha ndoa kiliacha kutosha. Tangu wakati huo, kinachotafutwa ni nia. Na nia iko kichwani mwako, kwa hivyo lazima mtu aitafute kwa maswali.

Mkenya niliyewaahidi

Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na Tom Mboya ilienda Marekani. Barack Obama Sr. hakupanda hiyo ndege, lakini alifika Hawaii mwaka huo huo kusoma chuo kikuu. Februari 1961 alimwoa Ann Dunham. Kenya alikuwa ameacha mke, Kezia, na alimwambia mshauri wa wanafunzi wa kigeni kwamba wameachana.

Maafisa wa uhamiaji walianza kumwekea faili. Mwezi wa nne mwaka huo, afisa mmoja aliandika kwamba Obama ahojiwe kwa makini kabla ya kuongezewa muda wa kukaa, na kwamba mkewe Mmarekani akijaribu kumwombea makaratasi, uchunguzi ufanywe kuona kama ndoa ni ya kweli. Hiyo ilikuwa miezi michache tu kabla ya mtoto wao kuzaliwa, na mtoto huyo alikuja kuwa rais wa 44 wa Marekani. Obama Sr. alikataliwa kuongezewa muda akiwa Harvard, akarudi Kenya 1964.

Sitaki kumfanya malaika. Mambo ya mke wa kwanza yalikuwa na maswali halali. Lakini ona vile talaka ya nyumbani, bila karatasi ya korti, ilisomwa na mtu aliyezoea karatasi. Ndoa yetu ya kimila ilikuwa na mashahidi kibao na haikuwa na stempu. Hilo halijaisha. Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa za kimila ziandikishwe, na bado kuna watu wanadhani mbuzi walioenda ni cheti tosha.

1986: kamba ikashikwa na mtu mmoja

Miaka ya sabini, korti za Marekani ziliweka mipaka kidogo. Katika kesi ya Bark ya 1975, mahakama ya rufaa ilisema kinachoangaliwa ni kama wawili walikusudia kuanzisha maisha pamoja siku walipooana, na kwamba mgeni hawezi kudaiwa ndoa iliyofaulu kuliko ya raia. Ati mmetengana haimaanishi mlidanganya. New York, kesi ya Stokes ilimalizika 1976 kwa makubaliano ya jinsi mahojiano yatakavyofanywa pale wanandoa wanapotenganishwa na kuulizwa maswali yale yale, pamoja na haki ya kuwa na wakili. Ndiyo maana hadi leo mahojiano ya kutenganishwa yanaitwa kwa jina la hiyo kesi.

Halafu 1986 Reagan akatia sahihi sheria ya ulaghai wa ndoa. Idara ya uhamiaji ilikuwa imeambia Bunge kwamba karibu asilimia 30 ya ndoa hizi zinashukiwa kuwa feki. Baadaye idara yenyewe ilikubali kwamba ule utafiti haukuwa na msingi wa kitakwimu. Namba ilianguka, sheria ikabaki. Kama ndoa yenu haijafikisha miaka miwili siku unapopewa ukaazi, unapata kadi ya miaka miwili tu, na kwenye siku 90 za mwisho lazima muombe pamoja kuondoa hilo sharti. Ndoa ya uongo ni kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 250,000. Na ukipatikana umewahi kujaribu, ombi la mwenzi wa kweli baadaye linaweza kukataliwa maisha yako yote.

Sasa soma tena hapo kwenye "pamoja". Kwa miaka miwili, mmoja ana passport ya nchi na mwingine anamtegemea atie sahihi. Wanawake wengi walikwama kwenye nyumba za kipigo kwa sababu mume alisema, "Ukienda polisi, mimi siendi intavyuu." Ilibidi Bunge lirudi 1990 kuweka msamaha kwa waliopigwa ama kuteswa, halafu 1994, kupitia sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, likaruhusu aliyeumizwa ajiombee mwenyewe bila sahihi ya mtesaji. Wanaume pia wanaruhusiwa kuitumia. Dada yako aliye majuu akikuambia "siwezi kutoka, atanifukuzisha nchi", mwambie hiyo njia iko, na atafute wakili wa uhamiaji. Hii pekee ingetosha kuwa sababu ya mimi kuandika leo.

Harusi ililipwa na kamati

Binamu yangu alifanya hii intavyuu na bwanake. Mimi ndiye nilimsaidia kupanga picha na kutafuta meseji za zamani za M-Pesa. Ananiambia afisa aliuliza, "Harusi ililipwa na nani?" Akajibu kwa ukweli kabisa, "Kamati." Afisa akainua macho. Kamati gani? Ikabidi aeleze: kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna grupu la WhatsApp, na kuna watu mia moja waliochanga kwa mtu ambaye wengine hawajawahi kumwona. Halafu picha ya ruracio: huyu mzee wa kofia ni nani? Ni mjomba, ndiye alikuwa anatusemea. Kwani bwana harusi hawezi kujisemea? Hapana, siku hiyo haruhusiwi.

Walipita. Lakini nilibaki nikifikiria hiyo faili yao. Akaunti ya benki ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bima: hivyo ndivyo vitu faili inapenda. Ni maisha ya watu wawili wanaojitegemea. Ndoa ya kwetu ina ushahidi mwingi zaidi, ila uko kwa vichwa vya shangazi.

Na sisi pia huhoji, tusijifanye. Kwa Wakikuyu, baba humuuliza binti mbele ya watu kama anywe pombe iliyoletwa na huyu kijana, na msichana akikataa, mambo yanaishia hapo. Tofauti ni kwamba wanaouliza watakuwepo ndoa ikianza kuyumba. Afisa akifunga faili, hamtaonana tena.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwenye safari hii, iwe mahojiano yako ni Gigiri ama ni huko huko Marekani. Kwanza, usinunue ndoa. Anayekuuzia hatakusaidia kubeba ile adhabu, na anaharibia wakweli wanaokuja nyuma yako. Pili, andikisha ndoa yako, na talaka pia kama ilikuwepo. Tatu, weka kumbukumbu mapema: risiti, picha zenye wazee ndani, meseji. Nne, kama hujui jibu, sema hujui. Watu wanaoishi pamoja kweli husahau rangi ya pazia.

Wachina wa Angel Island walikariri ngazi za nyumba zao wenyewe kwa sababu waliogopa ukweli wao hautaaminika. Zaidi ya miaka mia baadaye, naona watu wangu wakikariri upande wa kitanda wanacholalia kila siku. Hilo bado linaniuma.

Wewe je, ukiulizwa leo uthibitishe ndoa ya wazazi wako kwa karatasi tu, ungepata ngapi?